Viatu Vilivyoelekea Mlangoni

Juzi nimegombana na kijana mpiga picha hapa Voi, na wala sijutii. Nilikuwa nimempeleka mwanangu wa mwisho, ana miaka mitatu, apigwe picha ndogo ya kupeleka chekechea. Kijana wa watu hata hakumsalimia mtoto. Alimnyanyua, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akaanza kumpigia makofi usoni, "Bosi! Bosi! Angalia huku! Cheka!" na kabla mtoto hajajua huyo bosi ni nani, mwanga ukampiga machoni. Akalia mpaka akapaliwa. Kijana akaniangalia akasema, "Mama, huyu mtoto wako ni mwoga sana." Wee! Nilimwambia maneno yasiyofaa kuandikwa, nikambeba mwanangu, nikatoka.

Pale nje kibarazani kulikuwa na fundi wa nguo anapiga pasi ya makaa juu ya kitambaa alichokinyunyizia maji. Ile harufu iliponifikia, hasira yote ikaniishia. Nilisimama pale na mtoto begani, ananilowesha shingo kwa machozi, na mimi nikawa mtoto tena, nimeshikwa mkono na mama, tunapita mbele ya fundi mwingine kuingia chumba cha mpiga picha, Bi Zuhura.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka picha zilivyokuwa wakati ule. Simu ya kupiga picha sahani ya chakula haikuwepo. Picha ilikuwa shughuli. Ulisuguliwa kwa jiwe la miguu, ukapakwa mafuta mpaka magotini, ukavalishwa nguo ambayo huruhusiwi kuikalia, kisha ukasubiri filamu ijae, ipelekwe Mombasa, irudi. Wengine wetu tulikua bila kuwa na picha hata moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilikuwa na kaka, Mwakio. Yeye alikuwa ameshaanza shule ya msingi, mimi bado. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi na kuiba sukari bila kugonga kijiko. Krismasi moja mpiga picha wa kutembea alipita uwanja wa kanisa letu, mama akamwita. Mwakio akasimama peke yake, kifua mbele, amekunja ngumi. Mimi niligoma kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana. Haikupita muda mrefu, Mwakio akashikwa na homa. Jumatatu alikuwa anakimbiza tairi, na kufika mwisho wa wiki tulikuwa na matanga nyumbani.

Ile picha ikakuzwa, ikatiwa fremu, na siku ya mazishi nikapewa mimi niibebe. Ndivyo ilivyo kwetu, mtoto wa nyumba hutangulia mbele ya jeneza akiwa na picha ya marehemu kifuani. Tulipanda kilima cha Sagalla kwa miguu kutoka pale gari lilipokwama, fremu imenifika kidevuni, kioo chake kimepata moto kwa jua. Kila tuliyepishana naye aliitazama picha kwanza, akavua kofia, akasimama pembeni ya njia. Nakumbuka nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, nisijikwae nikamwangusha.

Sasa mtoto akiachiwa mambo kama hayo ayapange mwenyewe, atayapanga vipi? Mimi niliyapanga hivi: Mwakio alipigwa picha, picha ikawa kubwa, Mwakio akaenda. Nikaanza kukagua. Nyumbani kwa jirani wetu kulikuwa na fremu ya babu mwenye ndevu, na babu huyo alikuwa amekufa. Nyumba iliyofuata, fremu ya mama mwenye kilemba, naye vilevile. Kanisani, fremu ya kasisi wa zamani, amezikwa hapo hapo uani. Mmoja tu ndiye aliyenichanganya, Rais, maana alikuwa ukutani katika kila duka na bado redio ilisema kila siku amefungua hiki, amehutubia kile. Huyo niliamua ni mkubwa mno, kifo kinamwogopa. Wengine wote walinithibitishia.

Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa na meza ya ndizi na mboga zilizoshushwa kutoka Mwanda, na wateja walikuwa wakisema unaisikia meza yake kabla hujaiona. Baada ya Mwakio, kicheko hicho kilizimika. Aliuza kimya, akapika kimya. Baba alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulibaki wawili, mama na mimi, na ile fremu ukutani. Jioni tukisali mama alimalizia kwa maneno yale yale: "Mungu, mwanangu yuko peke yake huko. Mwangalie." Na siku moja, wakichambua mchicha na jirani, nilimsikia akisema juu yangu, "Huyu Mghoi nikipata picha yake moja tu, roho yangu itatulia."

Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima. Picha ile moja ndiyo iliyombakishia uso wa mwanawe, na ya kwangu hakuwa nayo. Kila nilipokohoa aliingiwa na hofu. Lakini mimi wakati ule nilichanganya maneno yake mawili, nikapata maana kamili. Mwakio yuko peke yake. Nikipigwa picha, roho ya mama itatulia. Jamani, hapo kuna nini kisichoeleweka? Nilikuwa natakiwa nitumwe nikakae na kaka yangu.

Sikumchukia kwa hilo, na ndilo linaloniuma nikikumbuka. Niliona ana haki. Mwakio alijua kusoma, alijua kuchota maji bila kumwaga, na mimi nilikuwa mtu wa kumwaga tu. Ila sikutaka kwenda. Kwa hiyo mpiga picha wa kanisani alipokuja Pasaka, na mama akanishika mabega, na yule bwana akainama ghafla mbele yangu na lile limashine lake, nilimuuma mkono. Nilimuuma sawasawa. Safari nyingine nilijificha chini ya meza ya ndizi mpaka akaondoka. Safari ya tatu mama aliniahidi soda, akanishika kwa nguvu, na nilipiga mayowe mpaka watu wakauliza kama nimeungua. Usiku wa siku hiyo mama hakula wala hakulala.

Ni jirani aliyemwambia habari za Bi Zuhura. "Mpeleke kwa yule mama wa Kiislamu nyuma ya fundi wa nguo. Watoto wote walioshindikana huishia kwake."

Familia ya Bi Zuhura ilikaa Voi tangu zamani za reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa, laini, hakikati maneno. Alipiga picha za arusi ili apate kula, mwenyewe alisema hivyo, na za watoto ili afurahi. Siku ya kwanza alimtazama mama, hakuniangalia mimi kabisa, akauliza, "Nikuiteje, mwanangu?" Watu wengi mtaani walikuwa wameshaanza kumwita Mama Mghoi, wakidhani wanamsaidia. Mama akasema, "Niite Mama Mwakio." Bi Zuhura akajibu, "Haya, Mama Mwakio, karibu," na tangu hapo hakumwita jina lingine.

Mama akaanza kueleza jinsi nilivyo mkaidi. Bi Zuhura akamkatiza. "Hana ukaidi huyu. Hajui kinachofuata, basi. Mtu mzima ukimrukia gizani atakutandika ngumi. Mtoto hana ngumi, ana kilio. Mlete kila Jumamosi asubuhi, ameshalala vya kutosha na ameshakunywa uji. Mchana wa Voi hata mimi hunitoa machozi."

"Na picha utapiga lini?"

"Picha itakuja yenyewe. Wewe mlete."

Nitawaeleza utaratibu wake, kwa sababu mpaka leo naweza kuufuata nikiwa nimefumba macho. Mlangoni kulikuwa na mkeka mdogo. Unavua viatu, unavipanga pamoja, ncha zikielekea nje. "Vielekee mlangoni," alisema, "ili viijue njia ya kurudi nyumbani." Kisha unakinga mikono juu ya beseni, yeye anamimina maji kutoka kwenye birika la bluu, unajifuta kwa kitambaa kile kile cha kila siku. Kisha unapanda stuli. Halafu yeye anasema kila anachofanya kabla hajakifanya. "Sasa nafungua pazia." Anafungua, na nyuma yako inatokea picha ya mlima wenye theluji na swala wawili wanene. "Sasa nawasha taa." Anawasha. Anahesabu polepole, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu anapiga kofi moja dogo. Mwisho anagusa kamera iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu, anasema, "Kamera imelala," anazima taa, anafunga pazia, na unapewa kipande cha kashata. Unavaa viatu, unakwenda zako.

Jumamosi ya kwanza nilivua viatu tu, nikanawa, nikakataa kwenda mbali zaidi ya hapo. Nilisubiri nivutwe. Hakuna aliyenivuta. Bi Zuhura akaiambia stuli tupu, "Sasa nafungua pazia," akafungua, akawasha taa, akahesabu, akapiga kofi lake, akasema kamera imelala, akanipa kashata. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Jumamosi iliyofuata ilikuwa vile vile, leso yake ya kijani ile ile, birika lile lile, maneno yale yale. Nikaanza kumtangulia. Alipofika kwenye pazia mimi nilikuwa nimeshalisema, na alipojifanya amesahau beseni nilimkaripia. Basi siku moja nikajikuta nimepanda stuli mwenyewe.

Niliona watoto wengine pia. Kuna mmoja aliletwa kutoka Kishushe, amefika na vumbi mpaka kwenye kope, hajazoea hata mlango wa kioo. Mama yake alitaka picha papo hapo kwa sababu gari la kurudi lilikuwa la kubahatisha. Bi Zuhura alimwambia, "Basi kaa naye hapa, turudie mara kadhaa, gari likija litapiga honi." Akamzungusha yule mtoto katika utaratibu wote, kisha tena, kisha tena, kama anayesuka ukili wa mkeka, na mara ya mwisho kwenye tatu akapiga picha badala ya kofi, na mtoto akanyoosha mkono kudai kashata yake. Wazazi waliotikisa funguo na kupiga kelele "cheka! cheka!" aliwatoa nje wakakae na fundi. "Mtoto ana macho mawili tu," aliwaambia, "hayatoshi watu watano."

Mimi mama alikuwa anachoka kunisubiri. Jumamosi moja nilikuwa juu ya stuli nacheka, swala mmoja ananifurahisha kwa unene wake, nikamwona mama kwenye benchi anamfanyia Bi Zuhura ishara ya mkono, piga, piga sasa. Bi Zuhura akatikisa kichwa. Nje kibarazani nilimsikia anamwambia, "Nikimwibia leo, Mama Mwakio, sitampata tena. Wala wewe hutampata." Mama akasema, "Naogopa, Bi Zuhura. Naogopa sana." Alisema hivyo waziwazi, mbele ya fundi na wateja wake.

Siku hiyo hiyo, nilipokuwa navaa viatu, Bi Zuhura alichuchumaa akaniambia, "Jumamosi ijayo kamera itaamka. Nitatoa kitambaa chekundu. Nakwambia leo ili usishtuke."

Hakunificha kitu, na mimi nilimwamini. Lakini ile wiki niliimaliza vibaya. Upande mmoja nilijua nilivyojua: nikipigwa picha nakwenda kwa Mwakio. Upande wa pili, viatu vyangu vilielekea mlangoni na kila Jumamosi vilikuwa vimenirudisha. Niliona bora nijiandae kwa yote mawili. Mwanasesere wangu wa vitambaa nilimpa mtoto wa jirani, nikamwambia asimloweshe. Kisha nikachukua gololi za Mwakio kutoka kwenye kopo lake, nikazitia kwenye soksi, nikaifunga fundo. Ikiwa nitafika kule, nisifike mikono mitupu.

Jumamosi hiyo kulikuwa kumenyesha alfajiri, jambo la nadra, na Voi nzima ilikuwa matope mekundu. Nilivua viatu, nikavipanga, nikanawa, nikapanda stuli, soksi ikiwa mfukoni mwa gauni inanigonga paja. Pazia likafunguliwa. Taa ikawashwa. Bi Zuhura akasema, "Sasa naiamsha kamera," akaondoa kitambaa chekundu, na nikaliona lile jicho lake jeusi likinitazama mimi kwa mara ya kwanza. Niliweza kuvumilia. Niligeuka kidogo tu, nitazame mlangoni, nivione viatu vyangu.

Vilikuwa vimeelekea ndani.

"Bi Zuhura," nikasema, "viatu vyangu vimegeuzwa."

Mama akajibu kutoka kwenye benchi, "Ni mimi, nimevifuta matope. Kaa vizuri, mwanangu, usiharibu gauni."

Ndipo nikajua kuwa ni leo. Sikulia, msiniulize kwa nini. Labda nililia sana safari zilizopita mpaka machozi yakaisha. Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa ile soksi, nikamwonyesha mama.

"Nimemchukulia gololi zake," nikamwambia. "Lakini mimi njia siijui. Utanisindikiza mpaka wapi?"

"Njia ya wapi?"

"Ya kwa Mwakio. Si nikishapigwa picha ndio naenda nikae naye, asiwe peke yake?"

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata siku ya mazishi. Bi Zuhura alichukua kitambaa chekundu, akakirudisha juu ya kamera. "Kamera imelala," akasema kwa sauti yake ya kila siku. Akaenda mlangoni, akavigeuza viatu vyangu, ncha nje. Kisha akarudi, akaketi sakafuni na leso yake ya kijani, akasema, "Haya. Viatu viko sawa. Sasa zungumzeni."

Mama alikuwa ameshapiga magoti mbele ya stuli, amenishika miguu. "Mghoi, nani amekuambia maneno hayo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema yuko peke yake. Na ulisema nikipigwa picha roho yako itatulia."

Nikaogopa kwamba nimemkasirisha. "Ulijua hivyo," akasema, "na bado ukawa unakuja? Kila Jumamosi unavaa viatu vyako unakuja?"

"Nilikuwa nataka ulale," nikasema.

Hapo mama alilia, na Bi Zuhura akamwacha alie. Kisha akajifuta kwa kitambaa cha beseni, akanishika uso kwa mikono miwili. "Sikiliza mwanangu. Mwakio alichukuliwa na homa. Homa, unasikia? Picha haikumchukua. Picha ndiyo iliyobaki. Mimi yako naitaka niitundike ukutani, na wewe mwenyewe uwe hapo chini yake unanisumbua, unamwaga uji, unaniudhi mpaka nizeeke."

"Kwa hiyo siendi?"

"Huendi popote. Nani akupeleke? Namvunja miguu."

Hilo lilinifurahisha, lakini mimi nilikuwa mtu wa ushahidi. "Wa kwenye fremu wote wamekufa," nikasema.

"Ati wote?" Bi Zuhura akanyanyuka, akanionyesha ukutani kwake picha ya mtoto mchanga, amelazwa kifudifudi juu ya mto, uchi, mapaja yamekunjamana kwa unono. "Huyu je?"

"Amekufa."

"Nenda nje ukamwambie fundi kuwa amekufa."

Nilitoka na miguu mitupu. Fundi alikuwa anapuliza makaa ya pasi, mtu mkubwa mwenye kitambi. Nikamwambia, "Bi Zuhura anasema ule uchi wa ukutani ni wako." Akaangalia huku na huku. "Ni wangu, na usimwambie mtu." Nikaomba nimguse. Akanipa mkono, nikaukataa, nikamgusa tumbo, na tumbo lilikuwa na joto na lilikuwa linacheka. Nikarudi ndani.

"Basi mama apigwe kwanza," nikasema.

Sasa ikawa zamu ya mama kukataa. Alishika kilemba chake. "Mimi? Nilivyokonda hivi? Aku, siku nyingine." Alikuwa anarudi nyuma, namwona, kama nilivyokuwa narudi mimi. Hakuwa amepigwa picha tangu Mwakio, hakuwa hata akijitazama kwenye kioo. Bi Zuhura alibaki ameshika kitambaa chekundu, hamlazimishi. Mimi ndiye niliyejua la kufanya, kwa sababu nilikuwa nimelifanya kila Jumamosi.

"Mama, vua viatu."

Akaniangalia. Akavua.

"Vielekee mlangoni."

Akainama, akavipanga karibu na vyangu. Nikamwongoza kwenye beseni, nikalibeba lile birika la bluu kwa mikono miwili, nikammiminia, nikamlowesha mpaka kwenye viwiko, na hakunigombeza. Nikampa kitambaa. Nikamkalisha kwenye stuli, nikapanda mapajani mwake. Akanizungushia mikono tumboni, nikaishika. "Sasa atafungua pazia," nikamwambia sikioni. "Sasa atawasha taa. Kuna joto kidogo lakini haliumi. Sasa ataiamsha kamera, ina jicho moja tu. Halafu atahesabu mpaka tatu, usiogope, mimi nipo."

"Haya," akasema mama. "Nimesikia."

Moja. Mbili. Tatu. Mwanga ukaja mahali pale pale ambapo kofi lilikuwa likija, na sisi wawili tukawa tunausubiri. Bi Zuhura akasema kamera imelala. Mama naye alipewa kashata.

Leo nina watoto watatu na kazi ya kufundisha watoto wadogo, na ninachojua kuhusu kazi hiyo nilikipata kwenye chumba kile. Nikiingia darasani nasema ninachokwenda kufanya, kisha nakifanya hicho hicho. Wageni huona kama narudiarudia mambo. Mtoto aliyetoka kwenye nyumba yenye vita au njaa au matanga haoni hivyo, yeye anaona mahali pamoja duniani ambapo hatarukiwa. Wala sidai kwamba chumba cha Bi Zuhura kilitibu kila kitu. Mama aliendelea kuwa na siku zake mbaya, na mpaka leo anazo. Lakini nataka niwaambie kuhusu asubuhi ya kesho yake, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka kuliko picha yenyewe.

Fundi alikuwa amenishawishi, sikatai, lakini fundi alikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kubahatika. Kwa hiyo nililala na wasiwasi kidogo, nimembana mama kwenye kitanda chetu. Niliposikia jogoo wa jirani nilifumbua macho na kulikuwa kumeshakucha, mwanga umeingia kupitia mapengo ya bati. Mama alikuwa amelala chali, ametulia kabisa, mdomo wazi kidogo. Siku zote yeye ndiye aliyeamka kwanza. Siku hiyo hakuwa ameamka.

Niliweka kiganja changu mbele ya pua yake. Nikasubiri. Pumzi ikaja, ya moto, ikanitekenya vidole. Ikaja nyingine. Nikaweka kiganja mbele ya pua yangu pia, nikajipima, kwa sababu sikutaka kuwe na makosa. Kisha nikampanda kifuani, nikamtikisa mabega kwa nguvu zangu zote.

"Mama! Mama, amka! Tuko!"

Alifumbua macho, akanitazama bila kuelewa. Nilimwona akikumbuka, kidogo kidogo, picha, stuli, maneno yangu ya jana. Midomo yake ikaanza kucheza, nikadhani atalia tena. Akacheka. Alicheka kile kicheko cha meza ya ndizi, kikamtoka tumboni, kitanda kikatikisika na mimi juu yake, na jirani upande wa pili akagonga ukuta kuuliza kulikoni huko.

"Tuko!" mama akamjibu kwa kupaza sauti. "Mwambie na mumeo, tuko!" Kisha akanivuta akanibana shingoni kwake mpaka nikakosa hewa. "Haya shuka, umenikalia nywele. Twende nikupikie uji."